Kikombe cha Upande wa Kulia

Dominika ya 17 ya Mwaka B
Masomo: 2 Fal 4:42-44, Efe 4:1-6, Yn 6:1-15



Katika Injili ya leo watu wapata 5,000 wamekwisha kula na kushiba, na sisi wahubiri kwa kawaida tunakomea hapo, maana muujiza umetimia. Bwana wetu hakomei hapo. Anawageukia wanafunzi wake na kuwapa kazi ndogo ya kuchosha: wapite majanini wakaokote vipande vilivyosalia, maana hataki hata kimoja kiachwe kikaharibika. Tujiulize kidogo. Yeye aliyetoka kuizidisha mikate mitano mbele ya macho yao, ana haja gani na makombo? Kesho akitaka mikate mingine, si atafanya tena? Lakini mitume, watu wazima na familia zao, wanainama mpaka vinajaa vikapu kumi na viwili. Tena ilikuwa mikate ya shayiri. Kati ya Wainjili wanne, Yohane peke yake ndiye anayeitaja shayiri hiyo, kama vile somo la kwanza linavyoitaja mikate ishirini ya shayiri aliyoletewa Nabii Elisha. Shayiri kilikuwa chakula cha maskini. Kwa lugha ya kwetu tungesema ni makombo ya ugali wa mtama.

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi hii ya kuokota, na tutaizungumza kwa njia ya baiskeli moja ya Kitaliano iliyofufuliwa kwa vipuri vya mitumba huko Malampaka, tulikokuwa tukitumikia. Wengine mtasema Padre amekosa mfano katika Maandiko. Tuvumilieni. Habari yenyewe ina deni letu ndani yake, na deni lililofanyika hadharani hulipwa hadharani.

Malampaka ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Wasafiri wa treni wanaujua, maana reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inapita hapo. Na tangu mwaka 2021 ulipoanza ujenzi wa reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka, jina lake linasikika zaidi. Ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe. Na ni nchi ya baiskeli. Katika Usukuma baiskeli hupeleka pamba mnadani, huteka maji, humfikisha mgonjwa zahanati, humleta bibi arusi, na siku ya mashindano humfanya kijana asiye na kitu ashangiliwe na vijiji vitatu. Nyingi ni zile nzito tuzijuazo sote, Phoenix za China, Hero na Avon za India, zote zikiwa wajukuu wa baiskeli za Kiingereza. Kumbukeni neno hilo, wajukuu wa Waingereza, kwa sababu ndipo shida yote ilipoanzia.

Mwaka wa pili wa utume wetu huko tulisafisha bohari ya nyumba ya mapadre. Nyuma ya madumu na mabati mabovu tukakuta fremu ya baiskeli ya mashindano, foki yake ikiwa imara, kranki zimeganda, magurudumu hayapo. Palipobaki rangi, ilikuwa ile rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, mfano wa yai la ndege, na ubavuni palisomeka kwa shida jina Bianchi, kiwanda kilichoanzishwa Milano mwaka 1885. Wazee wa kigango walituambia iliachwa na padre mmoja Mwitaliano, aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Tuliiinua kwa vidole viwili. Mtu aliyezoea kuinua Phoenix angedhani ni ya kuchezea watoto.

Hapo tulimkumbuka Gino Bartali, bingwa wa Italia na Mkatoliki wa kweli, aliyeshinda mashindano makuu ya Ufaransa mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Katika vita, miaka ya 1943 na 1944, aliendesha baiskeli kati ya Firenze na Assisi kana kwamba anafanya mazoezi, kumbe ndani ya mabomba ya fremu amekunja karatasi za vitambulisho vya kuwaokoa Wayahudi waliokuwa wakiwindwa. Askari walimjua, wakamwacha apite. Mwenyewe hakupenda kusimulia. Aliaga dunia mwaka 2000, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa. Basi nasi, kwa utoto uliobaki hata katika miaka yetu ya hamsini na kitu, tukachukua tochi tukamulika ndani ya bomba la kiti. Tulikuta kiota cha nyigu.

Chini ya mwarobaini ulio karibu na stesheni alikuwapo kijana fundi wa baiskeli. Alikuwa mtumishi wa altare zamani, na wakati huo akipiga ngoma katika kwaya. Baba yake hayupo. Tulipomwonyesha fremu aliizunguka mara mbili bila kusema, kisha akasema, "Padre, mkinitafutia vipuri, mimi sitaki fedha ya ufundi. Naomba niiendeshe kwenye mashindano." Tukapatana hivyo. Tulifurahi, maana huyu kijana aliwahi kushikiliwa kituoni siku chache kwa tuhuma za vyuma chakavu, akaachiwa baada ya kuonekana hana kosa, na tuliona kazi hii itamsimamisha mbele ya watu. Ndivyo tulivyojisemea.

Sasa tunawaomba mtufuate polepole, hasa ninyi msiowahi kufungua baiskeli. Pale chini, mahali pedali zinapozungukia, kuna bomba fupi lililolala. Ndani yake mna ekseli, na kila upande mna kikombe cha chuma kinachoshika gololi kumi na moja. Kikombe hicho hukazwa kwa meno ya hesi, ambayo mafundi wetu huyaita thredi. Katika baiskeli za Kiingereza na wajukuu wake wote, kikombe cha kushoto hufunguka kama kifuniko chochote, lakini cha kulia kimegeuzwa: ukitaka kukifungua sharti uzungushe kwa mwendo wa saa. Waingereza hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Mwendo wa gololi huelekea kukilegeza kikombe cha kulia, basi wao wakageuza meno yake ili mwendo uleule ukikaze. Waitaliano waliacha pande zote mbili zifanane, wakategemea kukaza kwa nguvu nyingi. Tena tundu la Mwingereza lina upana wa karibu milimita 35, na la Mwitaliano ni milimita 36. Tofauti ni milimita moja na kidogo. Ukiishika mkononi huioni.

Haya yote tunayajua leo. Siku ile hatukuyajua, wala kijana hakuyajua. Kikombe cha kushoto alikitoa, kikiwa kimepasuka. Cha kulia alihangaika nacho siku nzima, akizungusha jinsi alivyofundishwa na jinsi alivyofanya kwa mamia ya baiskeli kabla ya hiyo. Na kila alivyozidi kukifungua, ndivyo alivyozidi kukikaza. Alivunja spana yake. Kwa fundi wa chini ya mti, spana ni shamba.

Sisi tukaenda Mwanza, tukanunua vikombe viwili vipya, tukampa. Baada ya siku tatu, ikiwa siku ya gulio, tulipita pale mtini na watu wamejaa. Akatuonyesha. Kikombe kipya kilizama ndani ya tundu la kushoto kama jiwe ndani ya debe, hakikushika jino hata moja. Tukatazama upande wa kulia, tukaona makovu ya spana iliyoteleza. Akasema, "Padre, haviingii. Vinapwaya. Na sijui kwa nini."

Wapendwa, tulisoma falsafa, tukasoma teolojia miaka minne katika Seminari Kuu, na tulifundishwa kwamba mtu anayekiri kutojua yuko karibu na ukweli. Siku ile neno "sijui" tulilisikia kama neno la mtu anayeficha. Tulijua bei tuliyolipa. Tulikumbuka habari ya vyuma chakavu, ambayo tulijigamba kwamba tumeisahau. Tukasema, mbele ya akina mama wa nyanya na vijana wa bodaboda na wazee wawili wa halmashauri ya parokia, kwamba vikombe tulivyonunua ameviuza na hivi ameviokota. Tukamwita mwizi.

Hakujibizana nasi. Alifuta mikono, akavifunga vile vikombe katika gazeti, akaviweka juu ya kiti cha pikipiki yetu. Kesho yake asubuhi tuliikuta fremu imeegemezwa ukuta wa jiko, na kando yake kopo la rangi lenye kila kilichotoka ndani yake: ekseli, kile kikombe kilichopasuka, na gololi za zamani zilizokwisha kuoshwa kwa mafuta ya taa. Tulizihesabu. Za kushoto zilikuwa kumi na moja, hakuna iliyopungua. Hata hapo hatukuona haya. Tulichoona ni kwamba ana kiburi.

Ngoma ya kwaya ilianza kupigwa na mtu mwingine. Akina mama waliokuwa wakimwachia baiskeli zilale kwake wakawa wanazifuata jioni hata kama hazijakwisha. Mama yake aliendelea kuja Misa, akatupa amani kama wengine, bila kutuangalia. Miezi mitano ikapita hivyo.

Ninyi mnaotusikiliza kutoka kanda yetu ya Ziwa mnajua kwa nini jambo hili halitaniwi. Kwetu neno la tuhuma lililotupwa mbele ya watu limewahi kuua. Tumewazika akina bibi ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa miaka sitini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Hakuna aliyeanza kwa panga. Kwanza mtu alisema neno, kwenye kilabu au kisimani, na wengine wakaona kwamba linafanana na mambo waliyokuwa wakiyafikiri. Sisi tumehubiri mara nyingi dhidi ya ukatili huo, kwa sauti kubwa, na mioyo yetu haikutushtaki tulipotumia ulimi uleule penye gulio.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi tulikuwa na desturi ya kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja aliyefunga kazi ya ufundi siku nyingi, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Ujana wake aliutumia Mwanza akitengeneza baiskeli, na baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Baada ya sala tulikunywa uji, na katika mazungumzo tukamsimulia, kwa kulalamika, habari ya fremu yetu iliyoharibiwa. Akasema, "Ileteni niiguse."

Ijumaa iliyofuata tuliileta. Alipitisha kidole chake ndani ya lile tundu la kushoto, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akaomba tochi. Tukamwuliza tochi ataitumiaje naye haoni. "Tochi ni yenu, Padre," akasema. "Mimi nimekwisha kuona. Mulikeni muone meno haya yanavyolala." Akatueleza kwamba huyo si Mwingereza, kwamba anafunguka mkono wa kawaida pande zote mbili, na kwamba vikombe vya dukani vingepwaya humo mpaka siku ya kiyama. Zamani alifungua moja ya namna hiyo huko Mwanza na alivunja spana mbili kabla hajaambiwa na mwenyewe. Halafu akauliza, "Nani aliihangaikia kabla yangu?" Tukamtaja. "Basi yule mtoto hana kosa. Hata mimi ningefanya vile. Mlimwambia nini?"

Tulinyamaza.

"Padre?" akasema yule mzee.

Tulikwenda kuungama kwa padre wa parokia ya jirani. Tunaweza kulisema hili kwa kuwa dhambi ilikuwa yetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: neno hilo lilisemwa wapi? Tukamjibu, penye gulio, chini ya mwarobaini. Akasema basi malipizi yako hukohuko, na siku iwe ya gulio vilevile. Tulitamani atupe rozari hamsini.

Hatutawaficha kwamba siku ile tulipita mara mbili na pikipiki bila kusimama. Mara ya tatu tukasimama. Watu walikuwepo, pengine wengi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa pamba ilikuwa imeanza kununuliwa na fedha inaonekana mikononi. Kijana alikuwa ananyoosha rimu, anagusa spoku moja moja. Tukasema kwa sauti ya kusikika kwamba tulimwita mwizi mahali hapa, kwamba lilikuwa neno la uongo, kwamba vikombe vilikuwa vilevile tulivyompa na kosa lilikuwa la kutojua kwetu, na kwamba tunamwomba msamaha yeye na mama yake. Mama mmoja wa nyanya akasema "Eee" kwa mshangao. Kijana aliendelea kuzungusha rimu mpaka ikatulia. Kisha akasema, "Umesema, Padre. Nimesikia." Basi. Tulikuwa tumejiandaa kukumbatiwa; mtu akisoma mno mfano wa Mwana Mpotevu huanza kuutegemea. Tuliporudi kwenye pikipiki ndipo alipoongeza, bila kuinua uso, "Ileteni Jumatatu. Na huyo mzee aje."

Mzee aliletwa juu ya keria ya baiskeli, ameshika kofia. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa kijana kumwonyesha upande wa kuzungusha. Spana waliazima, wakachomeka bomba refu kwenye mpini wake kuongeza nguvu. Kile kikombe cha kulia kilitoa mlio kama mti unaokatika, watu wakarudi nyuma, kisha kikafunguka. Kilikuwa kizima kabisa. Grisi ya miaka hamsini ilikuwa imekilinda, imekuwa nyeusi na ngumu kama lami, na ndani yake mlilala gololi kumi na moja zinazong'aa.

Lakini cha kushoto kilikuwa kimepasuka, na kikombe cha Kitaliano katika maduka ya Mwanza ni sawa na theluji. Wakapata shauri. Kijana alikwenda Mwanza kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, akampa kile kibovu kiwe kielelezo, na huyo akakereza kingine kutoka chuma cha kawaida: upana milimita 36, meno 24 katika kila inchi. Chuma hicho ni laini kuliko cha asili, kwa hiyo gololi zitakila, na baada ya mwaka mmoja au miwili itabidi kikerezwe kingine. Mzee alisema hilo si neno, kwani hata sisi wenyewe tunakerezwa upya kila Kwaresima.

Vipuri vingine vilikuja kila kimoja na asili yake. Magurudumu ya Phoenix hayakufaa, ni makubwa mno kwa foki ile. Yalipatikana katika shehena ya baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, ila habu ya nyuma ilikuwa pana kuliko nafasi yake, na hapo kijana alichukua kipande cha mbao, akaitanua fremu kidogo kidogo huku akipima kwa uzi kila baada ya kusukuma, kazi ya saa nne ambayo mtu mwenye pupa angeimaliza kwa dakika moja kwa kuivunja. Chuma cha zamani kinakubali kutanuliwa hivyo, alumini isingekubali. Mnyororo na kifaa cha kuhamisha gia vilitoka katika baiskeli ya gia ya Kichina iliyogongwa na gari. Usukani ni wa Bianchi yenyewe, umefungwa vipande vya tyubu badala ya utepe. Kiti cha ngozi kilikuwa kimeliwa na panya, kikawekwa cha Phoenix chenye springi mbili kubwa, na hapo yule Mwitaliano mrembo akaonekana kama askofu aliyevaa kandambili. Walicheka sana. Sisi pia tuliruhusiwa kucheka.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anawaomba Waefeso wachukuliane kwa upole na uvumilivu, kwa kuwa mwili ni mmoja na Roho ni mmoja. Tumelisoma somo hilo tangu tupate upadre, nasi tulidhani umoja unamaanisha thredi moja kwa wote. Mchungaji mwenye waumini elfu kadhaa hushawishika kuwa na spana moja na mkono mmoja. Huyu hahudhurii jumuiya, kaza. Huyu mchango wake haujafika, kaza. Huyu binti amepata mimba, mwondoe kwenye kwaya. Kwa wengi inafaa, kama ilivyofaa kwa Phoenix mia tatu. Halafu anakuja mmoja ambaye kwake kila juhudi ya kumfungua inazidi kumfunga, na sisi badala ya kusimama na kupapasa kwa kidole jinsi meno yake yanavyolala, tunatafuta bomba refu zaidi. Tunasema hayo kwa wazazi pia, na kwa walimu, na kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo. Mitume wa leo wanaookota makombo wameinama; huwezi kuokota umesimama wima.

Vijana wetu walikuwa na sababu nyingine ya kuipenda Bianchi ile. Mwezi Julai mwaka 2024 walikusanyika kwenye simu moja chini ya mwarobaini kumtazama Biniam Girmay, mwana wa Eritrea, akishinda hatua tatu za mashindano ya Ufaransa na kuivaa fulana ya kijani mpaka mwisho. Ya kwanza aliishinda Torino, katika nchi ya Italia yenyewe. Tuliwaeleza kwamba Waitaliano ndio waliopeleka baiskeli Asmara walipoitawala Eritrea kuanzia mwaka 1890 hadi 1941, na kwamba kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kushindana na Mzungu. Watawala walipokwenda zao, baiskeli zilibaki, na mafundi wa Asmara wakazirithi pamoja na thredi zake. Mzee wetu alisikiliza, akasema kwamba ilikuwa hasara kutumia miaka yote hiyo Mwanza bila kukutana na fundi hata mmoja wa huko.

Kijana aliiendesha katika mashindano mara mbili kabla hatujapata uhamisho. Mara ya kwanza mbigili zilimtoboa tairi kabla ya nusu ya njia. Tairi zile nyembamba hazikuumbwa kwa barabara za Maswa. Mara ya pili alimaliza, katikati ya kundi. Mzee alifariki katika msimu wa masika, na kijana alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, ndiyo mara pekee tuliyomwona ndani ya kanisa tangu siku ile ya gulio. Hakupokea Komunyo. Tulimtumia salamu kwa mama yake kwamba ngoma ni yake wakati wowote. Mama alitujibu, "Nitamwambia, Padre," na safari hii alitutazama.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa kwenye barabara ya kuelekea Malya, gari limejaa vitabu na kuku wa zawadi, tukienda polepole kwa sababu ya mashimo. Tulisikia mlio wa mnyororo ubavuni. Alikuwa ameinama juu ya ule usukani wa zamani, springi za kiti cha Phoenix zikiruka chini yake. Akatupita upande wa kulia, akainua mkono mmoja, akaurudisha, wala hakusimama. Dereva alizima redio ili tusikilize. Kikombe cha kulia kilikuwa kimya kabisa. Cha kushoto kilikuwa kimeanza kulia kidogo.

Tumsifu Yesu Kristo.